Mtoto Anangoja Jina

Kwa baba yangu mpendwa Horion, mwashi, kwenye ujenzi wa kanisa jipya, Iskanderia.

Shikamoo, Baba. Kabla ya neno lolote nakuombea afya mbele za Mungu, vumbi la mawe lisikukae kifuani, na mgongo usikusumbue kama ulivyokusumbua kabla hujaondoka. Sisi huku Tmone hatujambo. Mama ni mzima, Bibi Tekosi ni mzima na sauti yake ni nzima zaidi, mbuzi ni wazima. Mimi nami ni mzima na nimerefuka. Gauni uliloniacha nalo limekuwa fupi, Mama ameliongezea pindo la kitambaa cha buluu, kwa hiyo ukirudi usishangae ukadhani nimekanyaga ndoo ya rangi.

Ninaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mama Didime wa nyumba ya watawa amekagua mistari ya mwanzo, akaninyooshea herufi mbili tatu, kisha akanirudishia karatasi akasema kwamba yaliyobaki ni kati yangu na baba yangu. Najua utatafuta mtu wa kukusomea. Tafadhali mwombe asome polepole, na asiruke mahali popote hata kama pataonekana pana maneno mengi. Barua anaileta Shemasi Papnute, ambaye amepata nafasi kwenye mashua za ngano. Ni mtu mwaminifu, ila anapenda kuongea, basi mpe maji kwanza umwache amalize.

Baba, tangu uondoke nimefikiri sana jinsi ya kukushukuru kwa kunipeleka kwenye nyumba ya watawa kujifunza. Nakumbuka Mama Pkoi jirani alivyosimama mlangoni kwetu akiwa na mtungi kichwani, akauliza kama Horion anamfundisha binti kusoma ili aje awe karani wa mbuzi. Wanawake wote kisimani walicheka. Wewe ulikuwa unanoa patasi, ukamjibu bila kuinua kichwa kwamba binti atakusomea barua ukizeeka macho, na kwamba yeye Mama Pkoi akitaka kusomewa za kwake aje na mayai. Sasa ndiye anayekuja. Mwanawe yuko jeshini mpakani kusini, na kila anapotuma barua, Mama Pkoi anabisha hodi kwetu akiwa na mayai kwenye upindo wa nguo, anakaa chini, ananiita Mwalimu. Bibi anasema mayai yake ni madogo.

Mji umebadilika, utaona ukija. Mlango mkubwa wa hekalu umezibwa kwa matofali. Waliouziba ni wale vijana uliowafundisha kazi, na Bibi alienda kuwatazama akawaambia mstari wao umepinda na kwamba mwanawe angeona haya. Upande wa nyuma wameanza kubomoa mawe ya kujengea nyumba ya kupokea wagonjwa na wasafiri. Siku ya Jumapili hakuna kesi inayosikilizwa na mafundi hawapigi nyundo, na mji unakuwa kimya hata unasikia punda wa ng'ambo ya mto. Wajane wanapewa ngano kanisani. Hata wasiobatizwa wanapewa, ndiyo maana Bibi naye huenda, ingawa husimama mwisho wa mstari akitazama upande mwingine, kama mtu aliyepita tu akakuta mstari umemfuata.

Habari iliyotikisa mji ni ya fimbo ya kupimia mto. Unajua ilikuwa inakaa hekaluni tangu enzi za mababu, na makohani ndio waliokuwa wakiitoa maji yanapoanza kupanda. Ilipokuja amri ya Kaisari kwamba ihamishiwe kanisani, watu waliogopa. Walisema mto utakasirika, hautapanda, tutakula udongo. Bibi alisema kwamba yeye aliimba mbele ya fimbo ile tangu hajaota matiti, na kwamba mto si kuku wa kuhamishwa banda. Siku walipoibeba kuipeleka, wazee wengine walilia barabarani. Basi tukangoja. Baba, maji yalipanda vizuri kuliko mwaka uliotangulia, yakafika mpaka kwenye ule mtende uliopinda. Shemasi alihubiri kwa furaha. Nikamuuliza Bibi anasemaje sasa, akasema mto haujagundua.

Ninakuandikia haya ili ujue tunaishi katika nyakati gani huku. Sasa nifike kwenye habari unayoingojea.

Mama amejifungua. Alipata taabu kidogo tu, mkunga alimsifu, na sasa anatembea na anakanda unga. Mtoto naye ni mzima. Baba, ni wa kike.

Nilikuwepo gatini siku ulipoondoka. Mlidhani nimekwenda kuwatazama bata, lakini nilikuwa nyuma ya magunia. Nilikusikia ukimwambia Bibi, Mama akiwa amesimama pale pale, kwamba akiwa wa kiume mumlee, na akiwa wa kike mnajua la kufanya. Hukulitaja jalala, wanapoachwa watoto wasiotakiwa. Hakuna mtu anayelisema. Lakini Mama alishika tumbo, na Bibi akaitikia kwa kichwa, nawe ukapanda mashua. Tangu siku ile nililibeba neno lile kila mahali, nikisuka, nikisoma zaburi, nikiteka maji, na kila Mama aliponiita niguse tumbo lake mtoto anapocheza, niligusa huku nikiomba awe wa kiume, si kwa kuwa nawapenda wavulana zaidi.

Alipozaliwa, Bibi alimtazama, akamfunika, akatoka nje akakaa na mbuzi. Hakuna aliyempa jina. Unajua desturi, asiyepewa jina bado ni mgeni na anaweza kurudi alikotoka. Mama alimnyonyesha akiwa amefumba macho. Siku ya tatu, alfajiri, Bibi alichukua kikapu kile cha vitunguu, akakitandika kitani safi, akamfunga mtoto hirizi shingoni ili atakayemwokota ajue ametoka nyumba ya watu. Mama aligeukia ukutani. Mimi nilisimama mlangoni nikatanua mikono. Bibi hakunipiga. Alisema, "Toka mlangoni, mjukuu wangu, usinifanye niwe mbaya kuliko nilivyo." Sauti yake ilikuwa ndogo, nami sijawahi kumsikia Bibi akiwa na sauti ndogo, nikaogopa, nikapisha.

Nilikaa kitandani na Mama.  Nilitaka kusali na maneno yote niliyofundishwa yakanitoka, nikabaki nikisema tafadhali, tafadhali.

Yaliyotokea huko nimeyapata kwa Bibi mwenyewe, akiyasimulia kwa hasira, na kwa Mama Didime, aliyeyasimulia akicheka na kufuta machozi. Siku hizi watawa huenda jalalani kila alfajiri, wawili wawili, wanakaa pale juu ya jiwe wakisokota uzi, na mtoto akiletwa wanamchukua. Bibi hakujua. Kwa kawaida yetu anayepeleka mtoto haonwi na mtu anayemfahamu. Anaweka, anageuka, anaondoka bila kuitikia salamu, na hata akikutana na dada yake njiani, dada hugeuza uso. Sasa Bibi anafika na kikapu, anamkuta Mama Didime amekaa, na kando yake Tapia, yule binti wa muuza samaki wa chumvi ambaye siku hizi ni mtawa.

Mama Didime akainuka akamwamkia vizuri, kwamba shikamoo Bibi Tekosi, lete kikapu, mikono yako imechoka. Bibi akauliza ni nani aliyemwambia amechoka. Mama Didime akasema basi Bibi akiweke tu chini kama desturi, wao watamchukua. Bibi akasema, "Mbele ya macho yenu?" Mama Didime akamjibu kwamba wao wapo pale kila siku na macho yao wanakuja nayo. Bibi akawaamuru wageuke. Baba, wakageuka kweli, watu wazima, wakampa mgongo kama watoto wanaocheza kujificha. Bibi akainama kuweka kikapu. Ndipo Tapia, bila kugeuka, akauliza, "Huyo ni wa Horion, siyo? Nimemwona wakati unakuja. Pua ile haifichiki kwa kitani."

Bibi akasimama na kikapu chake. Akauliza atalelewa na nani. Tapia akasema kwa zamu hii ni yeye, na asiwe na wasiwasi, mtoto atakula, atavaa, atajua kusoma, na likizidi sana atajua hata kuparua samaki. Alikuwa anatania tu. Lakini hapo ndipo Bibi alipowaka. Alisema kumwachia Mungu mtoto ni jambo moja, na kumkabidhi mtoto wa Horion mkononi kwa binti wa muuza samaki ni jambo jingine. Kwamba kesho mji mzima utasema Tekosi ameshindwa kulea mjukuu mmoja, watu wasio na waume wakamsaidia. Kwamba yeye hajafa. Kwamba tangu lini jalala likawa kibaraza cha watu kukaa na kusokota uzi na kuhoji wenzao. Mama Didime anasema alisema yote hayo huku amekwisha geuka na anatembea kurudi mjini, kikapu amekikumbatia, na kila aliyekutana naye njiani, Bibi ndiye aliyemsalimu kwa sauti kubwa ili aone kwamba ana kitu cha kumwonyesha.

Aliingia akaweka kikapu kifuani mwa Mama, akasema, "Mnyonyeshe. Wanawake wale hawana adabu." Mama alilia mpaka mtoto naye akaanza.

Baba, sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae na kalamu hii. Tafadhali mwombe anayekusomea apunguze sauti, na kama kuna wenzako karibu, sogeeni kando.

Siku ile ile, mtoto alipolala, hasira ilinishika ambayo sikujua ninayo. Nilimwambia Bibi kwamba sitaki tena kusikia jina lako. Nilisema mtu anayeweza kusema neno kama lile gatini, kisha akapanda mashua akala mkate wake, si baba. Bibi alikuwa anamenya vitunguu. Aliweka kisu chini. Akasema, "Usimtukane mwanangu. Wewe hasa, usimtukane. Unadhani wewe ulitoka wapi?"

Mama akamwita kwa sauti kali, lakini Bibi alikuwa ameshaanza, nawe unamjua akianza. Aliniambia kwamba mwaka ule Mama alikuwa amezika mtoto mchanga na kifua kimejaa maziwa, anaumwa, haongei. Wewe ulikuwa unarudi kutoka kuchoma chokaa, asubuhi, ukapita njia ya jalalani kwa sababu ile nyingine ilikuwa na maji. Ukanileta ndani ya kofia yako ya majani. Bibi alisema alikuambia unirudishe, kwamba mtoto wa jalala huleta njaa. Hilo amelikubali mwenyewe mbele yangu, na hakutazama pembeni. Kisha Mama Pkoi akaja, akanitazama, akakupongeza, akasema Horion umepata mtumwa wa bure, mkuze utamuuza au atakufulia. Maana sheria ilikuruhusu, Baba. Mama Didime amenieleza. Aliyeokota ndiye aliyechagua, mtumwa au mwana, na neno lake likishasemwa mbele ya mashahidi halibadiliki. Bibi anasema ulimwambia Mama Pkoi, "Nimepata binti. Wewe ni shahidi, tena nenda ukatangaze, ndiyo kazi yako." Naye akatangaza. Miaka yote hii Mama Pkoi amejua, na kwa mdomo wake ule hajaniambia hata mara moja. Nilipokwenda kumuuliza, alisema kuna mambo hata yeye ana akili nayo.

Sijui nilifikiri nini siku ile. Nilikwenda kukaa juu ya paa. Nilitazama mikono yangu kama mikono ya mtu mwingine. Mama alipanda, ingawa hakutakiwa kupanda ngazi, akakaa kando yangu na mtoto, hakusema kwamba ananipenda wala hakuniomba msamaha. Aliniambia nimshike mtoto, mikono yake imechoka.

Ndipo nikamuuliza Mama lile lililokuwa linaniuma. Mtu aliyeniokota mimi, mtoto asiye wake, angewezaje kusema lile kwa mtoto wake mwenyewe? Mama alifikiri. Akasema kwamba ulisema lile ukiwa na kodi kichwani, na mwaka wa mavuno mabaya, na mtu akiwa na hofu hulirudia neno ambalo baba yake alilisema na babu yake alilisema, bila kulitazama. Akasema, "Baba yako ni mtu wa macho. Kitu asichokiona anaweza kukisemea chochote. Kitu alichokiona hawezi kukiacha." Alisema asubuhi uliyoniokota ulikiri kwake kwamba ungepita, ila nilikuwa nimefumbua macho.

Baba, sikukasirikii tena. Nimeiandika barua hii kichwani mara nyingi, na kila mara mwanzo wake ulikuwa lawama, lakini nilipokaa kuiandika kweli nilikuta nina shukrani tu. Kila nilicho nacho kimetoka kwenye neno moja ulilomwambia Mama Pkoi. Ningekuwa nafua nguo za mtu Iskanderia hiyo hiyo uliko, ungepita kando yangu na mawe yako bila kunijua. Badala yake ninajua kusoma, nina mama, nina bibi anayenigombeza, na nina haki ya kukuandikia nikakuita Baba. Asante. Asante kwa kupita njia ile.

Sitaki kukutisha na sheria mpya. Shemasi ataitaja, maana aliisoma kanisani, kwamba Kaisari sasa anamwadhibu anayemtupa mwanawe. Msikilize kwa heshima. Lakini mimi sitaki mdogo wangu aishi kwa sababu Kaisari amesema. Nataka aishi nyumbani kwetu kwa sababu baba yake amemwona. Nawe uko mbali, basi acha nikuonyeshe.

Yuko kwenye paja langu sasa, ndiyo maana mstari huu umekwenda juu. Ni mwekundu kidogo bado. Nywele zake ni nyingi nyuma na hamna mbele, kama za kohani aliyenyolewa vibaya. Tapia alisema kweli kuhusu pua. Sikio la kushoto limekunjika juu, Mama analinyoosha kila akimnyonyesha na linarudi. Akipiga chafya anashangaa, anatutazama sote kana kwamba ni sisi tuliofanya. Akilia hutoa sauti moja ndefu bila kupumua mpaka Bibi anasema huyu ataimba, hata kama ni kanisani. Anapenda kushika. Ukimpa kidole anakishika kwa mkono wote na hakiachi hata akisinzia, na nguvu yake si ya mtoto, ni ya mwashi. Jana alifumbua macho mbele ya taa akanitazama muda mrefu, nami nikamwambia kwamba nakufahamu wewe, mimi pia nilitazama hivyo hivyo, na kilichotokea baadaye kilikuwa kizuri.

Kuhusu chakula usihofu. Mama Didime amesema wazazi wenye mtoto mchanga wana fungu lao la ngano. Mimi nimeanza kuwafundisha wadogo herufi, ninapewa mkate na dengu, ninaleta nyumbani. Bibi amesema atasimama kwenye mstari kwa ajili ya wawili, na safari hii atatazama mbele.

Tumekataa kumpa jina, Baba, ingawa Mama anataka Maria na Bibi anataka jina la mama yake ambalo hata yeye anashindwa kulitamka vizuri. Watu wakiuliza tunasema baba yake ataleta. Pasaka Mama na mimi tutabatizwa, na tungependa abatizwe pamoja nasi, na Askofu atauliza jina. Mwambie Shemasi tu, halina haja ya kuandikwa. Likiwa refu tutalifupisha, likiwa baya Bibi atasema.

Mama anakusalimu sana na anakuomba uvae kitambaa puani ukikata mawe. Bibi Tekosi anasema hana salamu, lakini amekaa hapa muda wote ninaoandika na amenitia kitani safi mkononi nifungie barua. Mama Pkoi anakusalimu, na anasema yeye bado ni shahidi. Wasalimu mafundi wenzako wote unaokula nao, hasa huyu aliyekusomea. Mungu amlindie macho yake.

Nakuaga kwa heshima, nikikutakia amani na safari njema ya kurudi maji yatakaposhuka.

Ni mimi Taesis, binti yako, niliyeshika kalamu, pamoja na binti yako mdogo, aliyeshika kidole changu.